Kuitoa mashine pepe VMware uipeleke Proxmox, na ile inayofaa kwenda klaudi iende

Nnaandika hii niko Paje, saa tano usiku, nimekaa juu ya kreti la soda ndani ya kile chumba cha chini ya ngazi ambacho hapa hotelini ndo wanakiita chumba cha seva, ndoo na mafagio yamo humuhumo. Kwenye skrini asilimia zinapanda moja moja, sasa hivi 23, kwa hivyo muda nnao. Watu watatu wameniuliza jambo hili hili mwezi huu, namna ya kuzitoa seva zao VMware, bas nnaliandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrushia.

Kwanza kwa nini watu wote wamekurupuka. VMware, kampuni ya programu za kuigawa seva moja ikawa nyingi, ilinunuliwa na Broadcom, dili likafungwa Novemba 2023, mwezi uliofuata wakaacha kuuza zile leseni za kununua mara moja ukakaa nazo, sasa ni kulipia kila muda. Februari 2024 wakaiondoa na ile ESXi ya bure (ESXi ndo programu yao yenyewe inayokaa juu ya seva), wakaja kuirudisha Aprili 2025 lakini watu walikuwa washatawanyika. Na ukiwa bado uko kwenye ESXi 7 ujue apdeti zake ziliisha Oktoba 2025, za 6.5 na 6.7 ziliisha toka Oktoba 2022. Hoteli nyingi za huku pwani, na maduka ya mjini yenye seva moja ya kujikongoja, ziko kwenye hizo hizo za zamani, fundi alizifunga akaondoka na hakuna aliyezigusa tena mpaka zilipoanza kulia.

Kwa asiyejua kabisa: seva ya chuma unaiwekea programu inaitwa haipavaiza (ESXi ni mojawapo, Proxmox nyingine), hiyo ndo inaigawa seva vipande na kila kipande kinajiona ni kompyuta kamili, ndo mashine pepe. Chukulia nyumba ya Mji Mkongwe iliyokatwa vyumba, kila mpangaji na ufunguo wake, lakini ukuta wa nje na tangi la maji ni moja. Kumuhamisha mpangaji mmoja na vyombo vyake si kazi, vyombo vinapakiwa kwenye gari vinakwenda. Kazi ni kwamba nyumba anayohamia soketi za umeme si zile, anafika na friji lake halichomeki. Tabu zote nitakazozisema huko chini ni za soketi, kunakili wenyewe ni kungoja tu.

Proxmox ndo nnayohamia mie. Ni ya kampuni ya Vienna huko Austria, imejengwa juu ya Debian, na injini yake ni KVM ambayo imo ndani ya kenel ya Linux toka 2007, kwa hivyo si kitu cha majaribio. Kuitumia ni bure, unalipia ukitaka msaada wao. Kuna wanaopenda Hyper-V, kuna wa XCP-ng, sina ugomvi nao, ila Proxmox ina kitu kimoja kimenimaliza maneno, nitakifikia.

ANZA KWA KUULIZA, SI KWA KUNAKILI

Usiguse kitu siku ya kwanza. Chukua daftari, kaa na mtu wa hesabu na mtu wa mapokezi, kila mmoja mwambie akuonyeshe anafungua nini asubuhi mpaka anafunga nini usiku. Mie nilidharau hilo hoteli moja ya kaskazini, nikahamisha mashine tatu usiku mmoja, safi kabisa, nikalala nimefurahi, saa kumi na mbili alfajiri simu: "Fundi, wageni wamerudi kutazama jua linachomoza, kadi hazifungui milango." Kumbe mashine moja ya Windows ndo ilikuwa inaongea na kile kijimashine cha kuandikia kadi za milango, kimechomekwa kwa USB nyuma ya seva ya zamani, na mie nimehamisha diski, USB sikuihamisha. Yule bi wa mapokezi alizunguka na ufunguo mkuu mlango kwa mlango mpaka saa tatu, na hakunisemesha wiki nzima.

Kwa hivyo kila mashine pepe iandikie hivi: jina lake, ukubwa wa diski na kiasi kinachotumika kweli, RAM, IP yake na kama ni ya kudumu au ya DHCP (inayogawiwa na mtandao wenyewe), inawaka kwa BIOS au UEFI, zile njia mbili za kuwashia kompyuta (kwenye ESXi utaiona kwenye Edit Settings, VM Options), kuna USB yoyote imechomekwa, iwe dongo (dongle, kijiufunguo cha USB) ya leseni ya programu ya hesabu au mashine ya kadi, na nani anaongea nayo. Printa ya jikoni inaongea na nani? Mashine ya risiti je? Hivi ndo vitu vinavyovunjika, diski haivunjiki.

Hapa Paje zipo tatu. Ya hesabu na bukingi, Windows Server 2016, diski GB 200. Ya tovuti na mafaili, Linux, GB 40. Na ya milango, Windows pia, kijidiski kidogo na hiyo USB. Toka hapo tu nshajua uamuzi wangu: ya milango haitoki kisiwani, maana kwenye klaudi, yaani seva za kukodi unazozifikia kwa intaneti, hakuna mahala pa kuchomeka USB, na hata pangekuwepo mgeni asishindwe kuingia chumbani kwake kwa sababu intaneti imelala. Ya hesabu inabaki hapa na bakapu yake inakwenda nje. Ya tovuti ndo inakwenda klaudi, maana wanaoifungua wako Ulaya huko, hawako Paje.

Wapo watakaokuambia peleka vyote klaudi upumzike. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania nzima ikaburura intaneti siku kadhaa. Seva ya klaudi iliyoko Cape Town haikufa siku ile, ilikuwa inawaka vizuri tu, sisi ndo hatuifikii. Na upande wa umeme nao, walioishi Unguja ile Disemba 2009 mpaka Machi 2010 gridi ilipokatika miezi mitatu hawana haja ya kuhadithiwa. Hapa pana waya unaotuletea umeme na nyaya zinazotuletea intaneti, zote zimepita baharini, jipange kwa mujibu wa hilo.

KUITAYARISHA MASHINE IKIWA BADO KWENYE ESXi

Bakapu kwanza, na bakapu ambayo hujajaribu kuifungua usiiite bakapu, iite matumaini. Irejeshe mahala, hata kwenye laptopu, uone inawaka.

Halafu snapshoti, zile picha za hali ya mashine ya wakati fulani. Zifute zote, yaani ziunganishe na diski mama. Ukiona mafaili yenye majina kama hesabu-000001.vmdk ujue kuna snapshoti imekaa, na ukihamisha diski mama peke yake utapata hesabu za mwaka juzi. Ila kabla hujabonyeza kufuta tazama nafasi kwenye diski ya seva, kuunganisha kunataka nafasi, ikiwa imejaa pomoni itakugandia katikati. Snapshoti ya miaka minne inaweza kuchukua usiku kucha, usiogope na usiizime.

Ondoa VMware Tools ukiwa bado upo kwa VMware. Ukishahamia, kwenye Windows haikubali kutoka kirahisi, inakataa inasema haiko ndani ya VMware, unabaki kuing'oa kwa mkono kwenye rejista.

Kwenye Windows fungua amri ya ipconfig /all ipige picha kwa simu. Usitegemee kichwa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la diski la Windows, isimamishe au hakikisha ule ufunguo wa kurejesha umeuandika mahala nje ya mashine hiyo hiyo, nimeona mtu ameuhifadhi ndani ya diski iliyofungwa.

Kwenye Linux tazama /etc/fstab. Ukiona UUID (namba ya diski isiyobadilika) huna neno, ukiona /dev/sda1 basi badilisha iwe UUID, maana huko mbele jina linaweza kugeuka kuwa vda. Na kama ni ya familia ya Red Hat, CentOS, Rocky, Alma, initramfs yake (kijifurushi kinachopakiwa mwanzo wa kuwaka) huwa imebeba madereva ya mashine iliyopo tu, ukihama inawaka halafu inasema haioni diski. Dawa yake ipige kabla hujahama:

dracut -f --add-drivers "virtio_blk virtio_scsi virtio_net"

Debian na Ubuntu kwa kawaida hazina shida hiyo.

SEVA MPYA

Lazima prosesa iwe na VT-x au AMD-V na uiwashe kwenye BIOS, nyingi zinakuja imezimwa. Ukishafunga Proxmox unaingia kwa brauza, https na IP yake, bandari 8006. Kitu cha mwanzo utakutana nacho ni apdeti zinagoma, kwa sababu imeelekezwa kwenye hazina ya wanaolipia. Nenda Updates, Repositories, izime ile ya enterprise, ongeza ile ya no-subscription, endelea.

Mtandao: kule ESXi ulikuwa na vSwitch, ile swichi ya ndani ya programu, huku ni brij, vmbr0. Kama kule ulikuwa na VLAN, yaani mtandao mmoja uliogawanywa kwa namba, mfano wageni wa WiFi wako 20 na ofisi iko 10, iwashe VLAN aware kwenye brij na namba uiandike kwenye kadi ya mtandao ya kila mashine. Ukisahau hii mashine itawaka vizuri, haipigi hodi popote, utakesha unatafuta dereva kumbe ni namba tu.

Na UPS tafadhali. Huku umeme ukikata jenereta inachukua sekunde kadhaa kushika, hizo sekunde ndo zinaua diski iliyo katikati ya kuandikwa. Chomeka UPS seva zote mbili na swichi pia, watu wanaisahau swichi, umeme ukikata seva ziko hai lakini haziongei. Mie namwambia na mtu wa jenereta kabisa nakuja usiku gani, asije akachagua usiku huo huo kubadilisha oili.

NJIA NYEPESI

Hiki ndo kile kitu nilichosema. Toka toleo 8.2 la Aprili 2024 Proxmox inaingia yenyewe ndani ya ESXi na kuvuta mashine. Datacenter, Storage, Add, ESXi. Unaiandikia IP ya ESXi, jina root na paswedi, unaweka alama ya kutokagua cheti maana vyeti vya ESXi nyingi ni vya kujitengenezea. Storeji mpya inatokea pembeni, ukiibofya unaona mashine zako zote zimejipanga. Imejaribiwa na ESXi 6.5 mpaka 8.0. Iunganishe moja kwa moja na seva ya ESXi yenyewe, ukipitia vCenter, programu ya VMware ya kusimamia seva nyingi, inafanya lakini inajivuta. Diski zilizo kwenye vSAN, storeji ya VMware inayochanganya diski za seva nyingi, haivuti.

Zima mashine kule, kuzima kweli kwa kuingia ndani na kufanya Shut Down, si kuchomoa. Chagua mashine, bonyeza Import, kinatoka kidirisha. Hapo usibonyeze tu ndio ndio. Kama ni Windows nenda kwenye ukurasa wa pili diski uiweke SATA kwa muda, sababu inakuja. Kadi ya mtandao weka VirtIO (aina ya vifaa pepe vya KVM). MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, iache ile ile ya zamani, kuna programu za hesabu leseni yake imejifunga kwenye MAC, ukiibadilisha inadai wewe ni mwizi. BIOS iwe ile uliyoandika kwenye daftari, ukikosea hapa mashine haiwaki hata ukisoma dua. Prosesa, kama una seva moja tu weka host, kama unazo mbili tofauti unataka kuhamisha mashine baina yao basi acha x86-64-v2-AES.

Kuna alama ya Live Import, mashine inawaka huku diski bado inavutwa. Inapendeza kwenye video. Mie siigusi kwenye kitu cha hesabu, maana mtandao ukikatika katikati vyote vilivyoandikwa toka uliposema anza vinapotea.

Kwa mtandao wa gigabiti GB 200 ukiipigia hesabu kavu ni kama nusu saa, kwa kweli inachukua zaidi, hii yangu hapa inakwenda saa moja na kitu. Na tumia waya. Nimemkuta jamaa anavuta seva kwa WiFi.

NJIA NGUMU, MAANA SIKU NYINGINE ILE NYEPESI INAGOMA

ESXi ikiwa ya zamani sana, au seva imekufa umebaki na diski tu, unafanya kwa mkono. Washa SSH kwenye ESXi kisha kutoka Proxmox:

scp "root@10.0.0.5:/vmfs/volumes/datastore1/hesabu/hesabu*.vmdk" /mnt/muda/

Yatakuja mafaili mawili, moja dogo la maneno na moja kubwa lenye -flat kwenye jina. Yote mawili yawe folda moja, unaloita kwenye amri ni lile dogo. Na ujue kule hata kama diski ilikuwa nyembamba, inatumia 60 kati ya 200, kwa njia hii linakuja zima GB 200, hakikisha nafasi ipo. Tengeneza mashine tupu kwenye Proxmox isiyo na diski, tuseme namba yake 105, halafu:

qm disk import 105 /mnt/muda/hesabu.vmdk local-lvm

Ikimaliza, kwenye Hardware ya mashine 105 utaona Unused Disk 0, ibofye mara mbili, Add. Halafu nenda Options, Boot Order, iweke alama diski hiyo na ipandishe juu. Hapa ndo watu wengi wanaanguka, mashine inawaka inasema hakuna kifaa cha kubutia, mtu anafuta kila kitu anaanza upya, kumbe ni alama moja tu hajaiweka.

SKRINI YA BLUU

Haya, Windows. Ukiihamisha diski ukaiweka moja kwa moja kwenye VirtIO SCSI, inawaka nusu inakutupia skrini ya bluu imeandikwa INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Friji halichomeki. Windows haina dereva wa VirtIO, na hata ukimfunga kabla hujahama haitoshi, maana Windows haimwamshi dereva wa diski mapema kwenye kuwaka mpaka iwe imeshawahi kuona kifaa chenyewe. Kwa hivyo tunaionyesha kifaa:

Iwashe ikiwa kwenye SATA, itawaka tu, pole pole lakini itawaka. Zima. Kwenye Hardware weka SCSI Controller iwe VirtIO SCSI single, ongeza kijidiski cha GB 1 aina ya SCSI, na kwenye CD weka ISO ya virtio-win ambayo inapatikana bure kwenye mradi wa Fedora. Iwashe, ndani ya Windows fungua hiyo CD ufunge virtio-win-guest-tools, inafunga madereva yote kwa mpigo, diski, mtandao na yule wakala mdogo (qemu-guest-agent) anayeongea na Proxmox kutoka ndani ya mashine. Kile kijidiski kikionekana kwenye Disk Management ujue dereva ameamka. Zima, kitoe kijidiski, diski kubwa ifanye Detach halafu irudishe kama SCSI, weka alama ya Discard, rudi Boot Order uipange tena (ndio, tena, ukiitoa inajifuta kwenye orodha). Washa.

Mie nimefanya hivi zaidi ya mara ishirini haijanigomea hata moja pale nilipofuata mpangilio. Zilizonigomea ni zile nilizotaka kuruka hatua kwa sababu boti ya jioni inaondoka.

Ikishawaka, IP. Utajaribu kuiwekea ile ile ya zamani Windows itakuambia IP hiyo inatumiwa na kadi nyingine, na wewe kadi nyingine huioni. Ni mzuka wa kadi ya VMware. Fungua Device Manager, View, Show hidden devices, utamuona amekaa rangi hafifu, muondoe. Ndo urudi kwenye ile picha ya simu uandike namba.

Linux nayo ina la kwake la mtandao: kule kadi ilikuwa inaitwa ens192 mara nyingi, huku inakuwa ens18, na faili la netplan au interfaces bado linamtafuta yule wa zamani. Ingia kwa Console ya Proxmox, angalia kwa ip a, badilisha jina, netplan apply, umemaliza. Halafu funga qemu-guest-agent na uiwashe kwenye Options pia, bila hiyo bakapu zinachukuliwa mashine ikiwa katikati ya kuandika.

USB ya milango: ichomeke kwenye seva mpya, Hardware, Add, USB Device, chagua kwa namba ya kifaa, si kwa tundu. Kwa tundu msafishaji akiichomoa akaichomeka pengine imepotea.

YA KWENDA KLAUDI

Kabla ya amri yoyote piga hesabu ya kupandisha, na ni ya kupandisha si ya kushusha, maana vifurushi vingi vya huku wanakutangazia kushusha. GB 40 kwa megabiti 10 za kupandisha ni karibu saa tisa mfululizo. GB 200 ni saa arubaini na nne. Ndo maana ya hesabu haiendi.

Rafiki yangu wa Chake Chake yeye alikuwa na terabaiti moja ya picha za miaka, intaneti ya ofisi yao inakohoa. Akazitia kwenye diski ya nje akaifunga kwa LUKS, kufuli la diski la Linux, akapanda boti Mkoani, akashuka Malindi ya Unguja, akaja kuzipandishia mjini kwa mtu mwenye faiba. Tulikaa tukapiga hesabu: terabaiti moja kwa safari nzima ya saa sita ni kama megabiti 370 kwa sekunde, hakuna laini Chake inayompa hiyo kwa bei ya tiketi.

Nnatumia AWS, klaudi ya Amazon, kwa hii ya tovuti. Wana mitambo Cape Town toka 2020, ila eneo hilo unaliwasha mwenyewe kwenye akaunti, linakuja limezimwa. Google wako Johannesburg toka 2024, na Azure, klaudi ya Microsoft, pia wako Johannesburg. Wageni wakiwa wa Ulaya weka Ulaya, Cape Town weka kitu kinachotumiwa na watu wa huku.

Mashine iweke kwanza kwenye DHCP na hakikisha SSH inawaka yenyewe, maana ukifika kule huna skrini ya kuchungulia kirahisi kama hapa. Fanya fstrim -av ndani yake kupunguza nafasi tupu, zima, halafu:

qemu-img convert -p -O vmdk -o subformat=streamOptimized tovuti.qcow2 tovuti.vmdk

Hii inaibana, ya kwangu GB 40 ikatoka 13. Sasa ile aws s3 cp ya kawaida, ya kupandisha faili kwenye S3 ambayo ni ghala la mafaili la AWS, ikikatika inaanza mwanzo, na kukatika kutakatika. Kwa hivyo mie naikata vipande:

split -b 1G tovuti.vmdk vipande/tovuti.
aws s3 sync vipande/ s3://ndoo-yangu/vipande/

Ikikatika unarudia amri hiyo hiyo ya pili, inaruka vilivyokwishafika. Vikifika vyote unaanzisha kiseva kidogo kule kule, unavishusha, unaviunganisha kwa cat, unalinganisha sha256sum na ya hapa, unalirudisha S3 likiwa zima. Kule kwa kule ni dakika chache. Kisha unaandika faili la diski.json:

[{"Format":"vmdk","UserBucket":{"S3Bucket":"ndoo-yangu","S3Key":"tovuti.vmdk"}}]

aws ec2 import-image --disk-containers file://diski.json
aws ec2 describe-import-image-tasks

Inataka kwanza uwe umetengeneza ruhusa inayoitwa vmimport, hilo ndo jina inalolitafuta yenyewe, ukiita jingine lazima ulitaje kwenye amri kwa --role-name. Ikimaliza unapata imeji, unaanzisha mashine kutoka hapo.

Azure ni mwenye maringo zaidi. Anataka VHD peke yake, hataki VHDX, iwe ya ukubwa kamili si nyembamba, na ukubwa ugawanyike sawasawa kwa mebibaiti. Kutoka kwenye raw iliyokwisha kuwa na ukubwa sahihi:

qemu-img convert -f raw -O vpc -o subformat=fixed,force_size tovuti.raw tovuti.vhd

Usisahau hiyo force_size, bila yake qemu inakurekebishia ukubwa kimyakimya na Azure anakurudisha.

Sasa njia ya kurudi, na hili liulize kabla hujakwenda. Kuingiza data kwao kwa kawaida hawakutozi, kuitoa ndo unalipia kwa gigabaiti, AWS wanakupa GB 100 za kwanza za kila mwezi bure. Na mashine uliyoianzisha kutoka kwenye imeji yao ya Windows, leseni yao, huwezi kuiomba ikatoka ikiwa diski nzima ukaja nayo nyumbani. Kwa hivyo ukianza kitu huko kianze kwa diski yako mwenyewe, au kaa na bakapu ya data, si ya mashine, hapa hapa kisiwani. Mie kila Ijumaa baada ya sala natoa nakala ya databesi ya tovuti naiweka kwenye Proxmox hii hii.

Na ESXi ya zamani? Usiifute. Chomoa waya wa mtandao wa mashine za zamani ndani ya ESXi, ondoa alama ya Connected, ondoa na ile ya kuwaka zenyewe, maana umeme ukikata ukarudi zinawaka na unakuwa na mashine mbili zenye IP moja zinapigana. Iache hivyo mpaka mwisho wa mwezi upite, mtu wa hesabu afunge mahesabu yake na atoe ripoti zote mara moja, kuna ripoti inatolewa mwisho wa mwezi tu na hiyo ndo itakayogoma. Akisema sawa, bas.

Imefika 97. Nimeshaomba kadi tupu moja mapokezi, nikimaliza hapa nnakwenda nayo mlango wa mwisho kule ufukweni kuijaribu kabla mgeni hajaamka.